Kazi ya mwanaastrofizikia na uzito wa makala zake: maswali tunayoulizwa zaidi Mombasa

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa Mombasa, Kilifi na Kwale wanaotamani kusomea nyota, kwa wazazi wanaotaka kujua watoto wao wanaingia wapi, na kwa wahadhiri vijana wanaopimwa kwa makala walizochapisha. Penye hesabu tumeweka hesabu yenyewe, ili msomaji aifanye kwa kalamu yake.

Je, mwanaastrofizikia hushinda akichungulia darubini?

Hapana. Wengi hupitisha mwaka mzima bila kuweka jicho kwenye darubini hata mara moja. Siku yao ni ya kompyuta: kusafisha data, kuandika programu, kusoma makala zilizotoka usiku, kuandika zao, kujibu wahakiki na kuomba muda wa darubini. Darubini kubwa ziko mbali na miji, mahali pakavu: SALT iko Sutherland, Afrika Kusini, na sahani 64 za darubini ya redio ya MeerKAT ziko Karoo, nchini humohumo. Data husafiri kwa intaneti. Kwa hiyo hewa ya chumvi na taa za kisiwani si kikwazo cha kazi hii. Tena Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na kutoka hapa karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini, huonekana katika mwaka mmoja.

Mtoto wetu amemaliza kidato cha nne na anataka njia hii. Ni miaka mingapi?

Mzazi, hesabu kumi au zaidi kabla hajapata kazi ya kudumu. Shahada ya kwanza ni miaka 4. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya falaki na astrofizikia, lakini fizikia au hisabati ya chuo chochote kizuri, wa Pwani wakiwemo, inafungua mlango uleule. Uzamili ni kama miaka 2, uzamivu 3 hadi 5. Baada ya hapo huja mikataba ya utafiti ya miaka 2 au 3, mara nyingi miwili au mitatu mfululizo, na mara nyingi ng'ambo. Hicho kipindi cha mikataba ndicho familia nyingi haziambiwi: mtu ana udaktari, ana miaka 33, na bado anahama nchi kila mkataba ukiisha. Afadhali jambo hili lizungumzwe nyumbani mapema.

Kosa tunaloliona zaidi ni mwanafunzi kungoja uzamili ndipo ajifunze programu. Lugha ya programu ya Python na mfumo wa kompyuta wa Linux zianzwe mwaka wa kwanza. Kenya imo katika mradi wa mafunzo ya falaki ya redio uitwao DARA, na pia ni mmoja wa washirika wanane wa Afrika Kusini barani katika SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa. Anayejua programu tayari ndiye anayefaidi nafasi hizo zinapotangazwa. Na hata akiacha falaki baadaye, ujuzi wa kuchambua data unaajirika benki, kwenye kampuni za simu na za bima.

Pwani yetu ina sehemu gani katika elimu hii?

Kubwa kuliko watu wengi wanavyojua. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kilomita kama 120 kutoka Mombasa. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksrei za angani peke yake. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, aliipa jina Uhuru.

Ikweta haikuchaguliwa kwa mandhari. Roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki hubebwa na mzunguko wa dunia, kwa hiyo fueli ileile inainua mzigo zaidi. Pia setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya ukanda wa mionzi ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, mionzi ambayo ingejaza vitambuzi vya eksrei kelele tupu.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Katalogi yake ya nne, iliyotoka mwaka 1978, ina vyanzo 339 vya eksrei, na kila kimoja jina lake linaanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru. Mtafiti wa leo anayeandika juu ya 4U 0142+61, nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno, anaandika neno letu la Kiswahili bila hata kulifikiria. Mwaka 2022 chanzo hichohicho kilitoa kipimo cha kwanza cha polaraizesheni ya eksrei, yaani upande mawimbi yanakotikisika, kutoka nyota ya aina hiyo. Kipimo hicho kilichukuliwa na setilaiti ya IXPE, ambayo data zake huteremshwa kwenye kituo cha Malindi. Setilaiti ya Swift, inayowinda milipuko ya gama tangu 2004, nayo hutumia Malindi. Riccardo Giacconi, kiongozi wa sayansi ya Uhuru, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tumeeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo swali la uzito wa makala linapoanzia. Katalogi ya Uhuru ni majedwali: mahali, mwangaza, makosa ya vipimo. Inaendelea kutumika kwa sababu mtu mwingine anaweza kuichukua na kufanyia kazi yake.

Makala hupitia hatua gani hadi ichapishwe?

Kwanza waandishi wote wanaisoma na kukubali, jambo ambalo kwa kikundi kikubwa laweza kula miezi. Kisha inaandikwa kwa LaTeX, programu ya kupanga maandishi yenye hesabu, katika kiolezo cha jarida. Inatumwa, mhariri anaitazama, halafu inakwenda kwa mhakiki, mtaalamu mwingine wa fani anayeikagua. Majarida makuu ya astrofizikia kwa kawaida hutumia mhakiki mmoja tu. Majibu hurudi baada ya wiki kadhaa, unarekebisha, unarudisha, na mara nyingi kuna duru ya pili.

Sambamba na hayo, makala huwekwa arXiv, ghala la bure lililoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991. Hapo ndipo wanaastrofizikia wanaposoma kila asubuhi. Jarida lenyewe wengi hawalifungui. Mwandishi mpya huhitaji kudhaminiwa na mtu aliyekwisha kuweka makala katika fungu hilohilo la arXiv, kwa hiyo mwombe msimamizi wako mapema, usingoje usiku wa kutuma.

Zingatia saa. Mlango wa arXiv wa siku hufungwa saa 8 mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani. Kwetu hiyo ni saa 3 usiku wakati wao wa kiangazi, na saa 4 usiku wakati wao wa baridi, kwa kuwa wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Orodha mpya hutoka saa 9 au saa 10 usiku wetu, kuanzia alfajiri ya Jumatatu hadi ya Ijumaa. Makala iliyotumwa Ijumaa mchana wa Mombasa hutangazwa alfajiri ya Jumatatu. Kinachokwamisha watu dakika za mwisho karibu kila mara ni kimoja: faili ya LaTeX inayojengeka vizuri kwenye laptopu lakini haijengeki kwenye seva, kwa sababu mchoro mmoja umeachwa au jina la faili lina nafasi katikati. Tuma siku moja kabla, uitazame PDF iliyojengwa huko, ndipo ulale.

Ada za kuchapisha zinatutisha. Tufanyeje?

Hofu hii ina msingi. Majarida ya Chama cha Wanafalaki cha Marekani, yakiwemo Astrophysical Journal na Astronomical Journal, yalifungua makala zote kwa wasomaji mwaka 2022, na Monthly Notices ya Uingereza ikafuata Januari 2024. Mzigo wa gharama ukahamia kwa mwandishi. Kwa Monthly Notices ni zaidi ya pauni elfu mbili kwa makala moja. Mshahara wa mhadhiri msaidizi hauwezi kubeba hilo, wala hapaswi kuubebesha.

Uliza msamaha wa ada kabla au wakati wa kutuma. Baada ya makala kukubaliwa, mazungumzo huwa magumu. Mwandishi mwenza wa Ulaya huenda chuo chake kimekwisha kulipa kwa mkataba wa jumla, basi afadhali yeye awe mwandishi wa mawasiliano, hata kama wewe ndiye wa kwanza. Pia liko Open Journal of Astrophysics, lenye uhakiki kamili na lisilotoza mwandishi: unaweka makala arXiv, unawapa namba yake, wanaihakiki hapohapo.

h-index ni nini, na inahesabiwaje?

Ni kipimo alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, yaani iliyotajwa mara nyingi zaidi na makala nyingine, kisha teremka ukihesabu. Makala ya mwisho ambayo nukuu zake hazijapungua namba yake katika foleni ndiyo h yako.

Tuseme mtu ana makala tisa, zilizonukuliwa mara 41, 22, 15, 9, 7, 6, 5, 2 na 0. Ya sita ina nukuu 6, imepita. Ya saba ina 5, imekwama. h ni 6.

Sasa tazama vizuri. Ile ya kwanza ikipanda kutoka 41 hadi 4,100, h inabaki 6. Lakini nukuu tatu tu, moja kwa makala ya sita na mbili kwa ya saba, zinaifanya 7. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo: inamtuza mtu mwenye makala nyingi za wastani, na inamnyima aliyeandika moja iliyogeuza elimu nzima. Pia haishuki kamwe, hata mtu akiacha utafiti.

Kwa mtu huyohuyo, i10 ni 3, maana makala tatu zina nukuu 10 au zaidi. Kipimo cha g huangalia jumla, yaani ni idadi kubwa kabisa ya makala za juu ambazo jumla ya nukuu zake haipungui idadi hiyo mara yenyewe: nukuu zote ni 107, makala ni 9, na 9 mara 9 ni 81, basi g ni 9. Kipimo cha m ni h gawanya kwa miaka tangu makala ya kwanza. Kama ni miaka 8, m ni 0.75. Hicho cha mwisho ndicho kidogo chenye haki kwa kijana, ingawa humwonea mama aliyesimama miaka miwili kulea.

NASA ADS, mfumo wa bure wa kutafutia makala za falaki na nukuu zake, hutoa pia kipimo kiitwacho tori. Kila nukuu inagawanywa kwa idadi ya waandishi wa makala iliyonukuliwa, na kwa urefu wa orodha ya marejeleo ya makala iliyonukuu. Kwa astrofizikia ya leo, yenye makala za watu elfu, tunaona tori inasema ukweli zaidi kuliko h. Ni masikitiko kwamba kamati chache huiuliza.

Kwa nini Google Scholar inanipa h ya 14 na ADS inanipa 11?

Kwa sababu vikapu vyao si vimoja. Google Scholar huhesabu tasnifu, ripoti, slaidi, na pengine nakala mbili za makala moja. ADS hushika falaki na fizikia, na hukuruhusu kubakiza zilizohakikiwa peke yake. Mifumo mingine, Scopus na Web of Science, hushika majarida waliyoyachagua wao. Katika wasifu, andika namba, mfumo ulioutoa, na tarehe. Namba isiyo na mfumo haina maana.

ADS inafaa kuzoeleka mapema. Kila makala ina kitambulisho cha herufi 19. Chukua 1998AJ....116.1009R: mwaka 1998, Astronomical Journal, juzuu ya 116, ukurasa wa 1009, na R ya mwandishi wa kwanza, Riess. Hiyo ni mojawapo ya makala zilizoonyesha kwamba upanuzi wa ulimwengu unaongeza kasi, ugunduzi uliopewa Nobel mwaka 2011. Ukitafuta jina, weka alama ya ^ mbele yake, nayo ADS itakuletea zile tu ambazo mtu huyo ni mwandishi wa kwanza.

Makala zangu zimetawanyika chini ya majina matatu. Nitaziunganishaje?

Tatizo hili linawauma watu wa Pwani kuliko wengi, kwa kuwa majina yetu ni jina, baba na babu, wala si ukoo wa kizungu. Tuseme binti anaitwa Fatma Said Omar. Makala ya kwanza akaandika Fatma Said. Mfumo ukamweka Said, F. Ya pili msimamizi akafuata pasipoti. Akawa Omar, F. S. Ya tatu, baada ya ndoa, likaingia jina jingine. Machoni pa kompyuta hao ni watu watatu, na h ya kila mmoja ni ndogo. Ongeza Mohamed, Mohammed na Muhammad, au Abdalla na Abdullah, na mkanganyo unazidi. Upande wa pili ni kinyume chake: Ali, M. wako wengi mno duniani, na ADS itakurundikia makala za watu usiowajua.

Chagua umbo moja kabla ya makala ya kwanza, ulishike maisha yako yote, bila kujali kitambulisho kitabadilika vipi. Kisha jisajili ORCID, daftari la kimataifa la watafiti. Ni bure, na inakupa namba ya tarakimu 16, ya mwisho yaweza kuwa X. Weka namba hiyo kila unapotuma makala. Kwa zile za zamani, ingia ADS, unganisha na ORCID, na uzidai moja moja. Kumi zinachukua kama nusu saa. Usidai isiyo yako hata kama jina ni lilelile, wenzako wataiona.

Mimi ni jina la 800 kati ya 1,000. Makala hiyo ni yangu?

Ni yako, ila ieleze. Makala ya mwaka 2017 kuhusu nyota mbili za nyutroni zilizogongana, tukio la GW170817, ina waandishi zaidi ya 3,000, na kila mmoja aliruhusiwa na kanuni za kikundi chake. Aliyetunza kitambuzi kwa miaka mitano anastahili, hata kama hakuandika sentensi.

Katika astrofizikia ya kawaida, mwandishi wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa pili na wa tatu hufuata kwa mchango. Vikundi vikubwa hupanga kwa alfabeti. Kwa hiyo msomaji wa wasifu hawezi kujua, mwambie. Tenga orodha mbili, ya kwanza ikiwa ya makala ulizoongoza, na chini ya kila makala ya kikundi andika mstari mmoja: "nilipima mwangaza wa nyota za ulinganisho" au "nilihakiki katalogi". Mtu mwenye h ya 45 iliyotoka yote kwa kikundi kimoja, na mwingine mwenye 12 aliyeongoza makala 14, si rahisi kuwalinganisha kwa namba. Kamati inayojaribu inajidanganya.

Impact factor ya jarida inasema nini juu ya makala yangu?

Karibu hakuna. Ya mwaka 2025 ni nukuu zilizotolewa mwaka 2025 kwa makala za jarida za 2023 na 2024, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani, na makala chache maarufu huuvuta juu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, liitwalo DORA, linataka taasisi zisiitumie kumpima mtu. Ukilazimishwa kuiandika kwenye fomu ya kupandishwa cheo, iandike, na uongeze nukuu za makala yenyewe kando.

Makala inayonukuliwa sana ndiyo iliyo sahihi?

La. Mwezi Machi 2014 kikundi cha BICEP2 kilitangaza dalili za mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu. Nukuu zikamiminika. Mapema 2015, uchambuzi wa pamoja na kikundi cha Planck ulionyesha kwamba ishara hiyo ingeweza kuelezwa na vumbi la galaksi yetu. Nukuu nyingi zilikuwa za watu wanaopinga, na mfumo unazihesabu sawa na za wanaosifu.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alichapisha, kwa Kijerumani na katika jarida la Uswisi, kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi kupita uzito unaoonekana. Kwa miongo kadhaa wachache waliijali. Leo ni mlango wa kila mazungumzo ya maada ya giza, yaani maada isiyoonekana ila kwa mvutano wake.

Na kuna makala ya mwaka 1991 juu ya pulsa, nyota inayotoa mapigo ya redio, iliyodai kuona sayari yenye mzunguko wa miezi sita. Miezi sita ni nusu ya mwaka wetu, na kosa lilikuwa hapo: mwendo wa dunia kuzunguka jua ulikuwa haujaondolewa sawasawa. Andrew Lyne aliligundua mwenyewe, akasimama Januari 1992 mbele ya mkutano wa wanafalaki Marekani akalieleza wazi. Ukumbi ulimpigia makofi. Hakuna kipimo cha nukuu kinachoshika jambo hilo, lakini wanafani wanalikumbuka hadi leo.

Sina darubini. Nina laptopu na bando. Naanzia wapi?

Anza na Kilimia, kile kishada cha nyota. Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na wakulima na manahodha walipimia misimu kwacho. Falaki nayo iligombana juu yake miaka mingi: setilaiti ya Hipparcos ilitoa umbali wa kama parseki 120 (parseki moja ni kama miaka-nuru 3.26), njia nyingine zikasema 135 hivi. Setilaiti ya Gaia imeamua ugomvi, nawe waweza kuhakikisha mwenyewe kwa jioni mbili.

Fungua ghala la Gaia, toleo la tatu. Omba nyota zilizo ndani ya nyuzi 2 kutoka mahali pa 56.75 na +24.12, ambazo ni nyuzi za anga. Weka vichujio: paralaksi (mhamo mdogo wa nyota unaoonekana dunia ikizunguka jua, hupimwa kwa milisekunde za tao) zaidi ya 5, paralaksi igawanywe kwa kosa lake izidi 10, na ruwe, namba ya Gaia ya ubora wa kipimo, isizidi 1.4, maana ikizidi huenda ni nyota pacha na kipimo chake kimevurugika. Chora mwendo wa kila nyota, mashariki dhidi ya kaskazini. Utaona donge karibu na 20 na -45, milisekunde za tao kwa mwaka. Hao ndio Kilimia, waliobaki ni wapita njia. Chukua wastani wa paralaksi za donge. Ukipata karibu 7.36, gawanya 1,000 kwa 7.36: parseki 136.

Mitego iko mitatu. Ukitumia Python kwa amri ya launch_job, Gaia hukupa mistari 2,000 tu na kunyamaza. Tumekutana na michoro yenye nyota 2,000 kamili, na mwenyewe anadhani ndizo zote. Tumia launch_job_async. Pili, usiombe safu zote. Ziko karibu 150, nawe unahitaji nane au kumi, na bando litakushukuru. Tatu, usigeuze paralaksi ya kila nyota kuwa umbali halafu ukatafuta wastani wa umbali. Kosa la paralaksi likiwa kubwa, ugeuzaji huo huvuta jibu pembeni. Tafuta wastani kwanza, geuza baadaye.

Kwa njia hiihii hutoka makala za kweli. Darubini ya angani ya Hubble kwa sasa huzaa makala nyingi kutoka ghala lake kuliko kutoka kwa walioomba muda mpya. Ugunduzi mdogo unaweza kutumwa kwa jarida la Research Notes la Chama cha Wanafalaki cha Marekani, yenye mchoro mmoja au jedwali moja. Mhariri huipitia bila uhakiki kamili, na ADS huiorodhesha.

Mkenya anaweza kuomba muda wa darubini za angani, Hubble au Webb?

Anaweza, maombi yako wazi kwa nchi zote. Tangu 2018 wahakiki wa Hubble hawaoni majina ya waombaji, na Webb imefuata. Hii ni nafuu kwa mtu wa chuo kisichojulikana, ila ina sharti: usijitaje. Usiandike "katika makala yetu ya awali tulionyesha". Andika "Said (2023) alionyesha", kana kwamba ni mtu mwingine. Maombi yanayojifichua huweza kuondolewa bila kusomwa.

Mhakiki ameikataa makala yangu. Nifanyeje?

Soma ripoti, iweke siku mbili, isome tena. Nakili kila hoja, na chini ya kila moja andika ulichobadilisha na ukurasa gani. Usipokubaliana, leta hesabu au mchoro, si hasira. Hoja inayorudi zaidi ni makosa ya vipimo kutoelezwa, ikifuatiwa na sampuli kuchaguliwa bila kusemwa ilichaguliwaje. Jarida likikataa kabisa, rekebisha kabla ya kupeleka kwingine. Fani hii ni ndogo, na mhakiki yuleyule huweza kuipokea tena.

Jarida limeniandikia likinisifu na kuahidi kuchapisha kwa siku tano. Ni kweli?

Uhakiki wa kweli haufanyiki siku tano. Litafute jarida kwenye ADS. Kama makala zake hazimo, au wahariri wake ni wa kilimo, utabibu na nyota kwa pamoja, futa barua hiyo. Makala ikishachapishwa huko ni vigumu kuitoa.

Kujinukuu ni kosa?

Ni haki, mradi kazi inaendelea kutoka pale ulipoachia. ADS huonyesha idadi ya nukuu za mtu kwa makala zake mwenyewe, kwa hiyo hazifichiki. Zikizidi theluthi kwa mtu aliyekomaa, ataulizwa. Kwa mwanafunzi mwenye makala tatu hakuna anayeshangaa.

Kamati ya ajira hutazama nini hasa?

Hutazama makala mbili au tatu ulizoongoza, na huzisoma. Barua za wanaokufahamu kazini huwa na uzito mkubwa, hasa zikitaja jambo mahususi ulilolitatua. Muda wa darubini ulioshinda, programu na data ulizoachia wengine nazo huhesabiwa zaidi mwaka hadi mwaka. Makala ya mwaka 2013 iliyoeleza programu ya emcee, ya kukadiria vigezo, imenukuliwa maelfu ya mara, zaidi ya makala nyingi za nadharia za wakati wake. Kwa hiyo kabla ya kutuma maombi, pitia viungo vyote vya data na programu ulivyoviandika kwenye makala zako, ukivifungua kwa simu ya mtu mwingine. Kiungo kinachofunguka kwa akaunti yako peke yake hakitafunguka kwa kamati.